Naomba ushauri: mfano mdogo wa mgodi wa Rosterman

Wadau, hamjambo? Niko Kakamega na nataka kuunda mfano mdogo wa mgodi wa dhahabu wa Rosterman ulivyokuwa kabla ya kufungwa mwaka 1952. Wazungu walianza kumiminika huku 1931 waliposikia habari za dhahabu. Leo ukipita Rosterman ni nyumba za watu, migomba na mahindi.

Nimekwama kwenye kipimo. Kwa 1:87, mlango wa mita 2 unakuwa milimita 23 tu, lakini mgodi mzima unaenea mezani. Kwa 1:48 unafika sentimita 4 na ushee, mtu anaona hadi bawaba. Meza nayo ni ile ile ya kulia chakula, na mama watoto ameshaanza kuuliza maswali.

La pili, mabati. Nimekata kopo la soda, nikalikandamizia juu ya nyuzi za boliti ndefu. Mawimbi yametoka safi sana, ila rangi inabanduka ukigusa. Nipige msasa kwanza? Na kutu je, vumbi la matofali litashika kwa gundi ya mbao?

Mwenye picha za zamani za mgodi, hasa mitambo ya kusaga mawe, tafadhali aziweke hapa. Sipendi kubuni paa.