Miezi 14 goti halinyooki, halafu mtu ananiambia "picha ni nzuri"!

Wakuu, natoka kwa daktari wa mifupa sasa hivi, hata viatu sijavua. Jina simtaji, mnamjua. Yule yule wa kalamu nne mfukoni, anayeongea na wewe huku anaangalia mlango.

Miezi 14 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa ACL, ile kano ya katikati ya goti. Walichukua kano nyingine nyuma ya paja, wakaipitisha kwenye mifupa, wakakaza kwa skrubu. Leo hii nikishuka ngazi naweka miguu yote miwili kwenye kila kidato. Asubuhi goti limekaza kama bawaba yenye kutu. Kupiga magoti ndiyo nimesahau.

Sasa leo nimelala pale kitandani, nimenyoosha mguu mpaka jasho linanitoka, na chini ya goti kuna uwazi ngumi inapita. Ngumi! Nikamwambia, "Dokta, hebu tazama hapa." Hakutazama. Akageuza skrini, akasema, "Picha ni nzuri."

Picha ni nzuri! Mimi nimekuja na goti, sikuja na picha. Tena yenyewe ni ya eksirei, inaonyesha mifupa na skrubu. Kovu lililojaa ndani ya goti ataliona wapi humo? Kile kipimo cha nyuzi, cha kupimia goti linanyooka kiasi gani, kilikuwa mezani, nimekiona kwa macho yangu, kimewekewa chupa ya maji juu. Hakukigusa. Goti pia hakuligusa. Hata tairi la baiskeli mtu hulibonyeza kabla ya kusema lina upepo!

Halafu akanipigapiga begani: "Mengine ni wasiwasi tu." Wasiwasi gani unaopindisha goti? Picha ni nzuri! Nimelirudia neno hilo njia nzima, watu wakanipisha.

Beki Tatu: Mkuu, ulitaka alibusu hilo goti?

Mama Zuu: Wewe usimcheke. Mdogo wangu wiki za mwanzo aliwekewa mto chini ya goti, analala nao usiku kucha, anaona raha. Kumbe ndio unalizoesha kukaa limepinda. Mto ni wa chini ya kisigino!

Mwenye uzi: Mama Zuu, hata mimi niliwekewa! Hakuna aliyesema kitu! Na leo eti picha ni nzuri!

Kipa Mstaafu: Mazoezi ulifanya kweli lakini? Sema ukweli wako.

Mwenye uzi: Kila siku ya Mungu. Nalala kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda, nimeng'ata taulo. Usinichokoze leo.

Skrubu Mbili: Pole mkuu. Ukinyoosha, mwishoni unahisi limegonga kitu? Langu lilikuwa hivyo. Ilikuwa donge la kovu mbele ya ile kano mpya, likaonekana kwenye MRI. Wakaingiza kamera wakalikata, mguu ukanyooka. Tafuta daktari mwingine alishike hilo goti kwa mkono.

Mwenye uzi: Linagonga! Ndicho nilichokuwa namwambia, yeye anageuza skrini!

Bega la Kushoto: Afadhali wewe umeangaliwa hata picha. Mimi na bega langu nilifika saa 1 asubuhi, nikaingia saa 9, nikaulizwa, "Mgonjwa ni nani?" Nimeingia peke yangu!

Mama Zuu: Saa 9? Kwenye yale mabenchi yasiyo na egemeo?

Beki Tatu: Mabenchi yale yaondolewe. Nilimpeleka mzee akiwa na shida ya mguu, tukarudi mimi nina mgongo.

Kipa Mstaafu: Mgongo wa chini au wa juu?

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye goti.

Beki Tatu: Wa chini, mkuu. Ukikohoa unashika mpaka kwenye nyonga.

Kipa Mstaafu: Huo ndio wangu kabisa. Fungua uzi, nakuja.