Maji ya upako, chumvi, stika mlangoni: ni imani au tumeshatengeneza hirizi? Naomba ushauri

Nyanya Chungu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri wa wanaolijua Neno. Tusitukane dhehebu la mtu.

Nyumba ni ya walokole, mume na mke. Ndani kuna chupa tatu za maji ya upako (yaliyoombewa na mtumishi), kichupa cha mafuta, na chumvi iliyoombewa ambayo hunyunyizwa pembe nne za nyumba kila mwisho wa mwezi. Juu ya mlango ipo stika yenye picha ya mtumishi, na kwenye pochi ya biashara kuna kitambaa cha "kuvuta wateja". Chumba cha nyuma anakaa mama mkwe, naye ana hirizi ya ngozi ya siku nyingi.

Mpaka kati ya imani na ibada ya sanamu uko wapi hapa? Vikitolewa, vitolewe vipi? Na moyo ufanyweje usirudi nyuma?

Shemasi wa Zamu
Amina. Anza na 2 Wafalme 18:4. Nyoka wa shaba hakutoka kwa mganga. Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze (Hesabu 21:8), na watu walipona kweli. Karne kadhaa baadaye Hezekia anamkuta anafukiziwa uvumba, akamvunja vipande vipande na kumwita Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu. Kwa hiyo hoja ya "lakini kilifanya kazi" au "lakini kiliombewa" haitoshi. Nyoka yule alikuwa na sifa zote mbili.

Chukua kitu kimoja kimoja ujiulize: kikipotea usiku huu, nyumba italala? Kikiisha, mtaomba kama kawaida au mtangoja kwanza nauli ya kwenda kuchukua kingine? Kina masharti, kama kijiko kimoja asubuhi, usikivuke, usimpe mtu mwingine? Kitu kikishapata dozi, bei na masharti ya kukiweka, hilo ni zindiko. Na hiyo chumvi ya pembe nne, samahani, haina hata haja ya kujadiliwa. Ni kuzindika nyumba kule kule kwa wazee wetu, amebadilika mzindikaji tu.

Fundi Saa
Shemasi yuko sawa ila tusimwage mtoto pamoja na maji ya kuogea. Mafuta yamo kwenye Agano Jipya: Marko 6:13 na Yakobo 5:14. Hiyo ya Yakobo isomwe taratibu, maana utaratibu wake ndio unaoonyesha tulipokosea. Mgonjwa *anawaita wazee wa kanisa*. Wanamwombea. Wanampaka mafuta *kwa jina la Bwana*. Mstari wa 15 unasema ni kule kuomba kwa imani kutakakomwokoa mgonjwa, hausemi ni mafuta. Mstari wa 16 unaleta kuungama dhambi. Hakuna chupa inayobaki nyumbani, hakuna bei, wala hakuna mtu anayejipaka mwenyewe kabla ya kwenda kwenye usaili wa kazi.

Leso za Paulo (Matendo 19:12) ndizo hutajwa sana. Mstari wa 11 unaiita miujiza ya kupita kawaida, na ni Mungu aliyeifanya. Paulo hakuanzisha duka la leso. Endelea kusoma sura hiyo hiyo: wana saba wa Skewa walilitumia jina la Yesu kama dawa ya kufukuzia mapepo, wakatoka mbio uchi na majeraha. Hata jina la Bwana ukilishika kama kifaa halikusaidii.

Kapu la Samaki
Stika yenye picha ya mtumishi kazi yake ni kuzuia nini? Mwizi wa mtaani kwenu naye anayo, kaibandika kwenye bodaboda.

Utani kando. Februari 1, 2020 pale Moshi, uwanja wa Majengo, kwenye mkutano wa maombi, watu 20 walikufa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako. Wale hawakuwa wapagani, walikuwa watu wa kusali. Hofu ya kukikosa *kitu* ndiyo ilisukuma.

Rozari Mkononi
Niseme kwa upande wa Wakatoliki, maana kila uzi wa hivi tunaishia kunyooshewa kidole. Maji ya baraka, medali na skapulari (vitambaa vidogo vya kuvaa shingoni) sisi tunaviita visakramenti, yaani ishara takatifu za kusaidia sala. Katekisimu, namba 2111, inasema wazi kwamba ukidhani ishara au sala ina nguvu kwa kutendwa kwa nje tu, bila moyo wako kuwepo, umeanguka katika ushirikina. Rozari inayoning'inia kwenye kioo cha gari la mtu ambaye hajasali tangu Pasaka ni pambo, na akiiamini imzuilie ajali imekuwa hirizi. Kipimo ni kile kile alichotoa Shemasi.

Kuhusu kuviondoa: kilichobarikiwa hakitupwi jalalani wala hakiuzwi. Kama ni cha kuungua kinachomwa, kingine kinafukiwa. Maji humwagwa kwenye udongo safi, pasipokanyagwa.

Nyanya Chungu
Asanteni. Sasa utekelezaji. Kila kitu kichomwe siku moja? Na hirizi ya mama mkwe je?

Shemasi wa Zamu
Vya kwenu wenyewe, siku moja, mume na mke pamoja. Mmoja akivitoa kwa siri mwenzake atavitafuta, na biashara ikiyumba wiki hiyo lawama itakuwa juu ya aliyevitoa. Kaeni kwanza jioni moja, someni Kutoka 20:3-5 na Zaburi 115, kila mmoja ataje kwa kinywa chake kitu alichokuwa anakitegemea na alichokuwa anakiogopa. Hapo kwenye hofu msipite haraka, maana ndipo mzizi ulipo.

Kisha maji na mafuta mmwage kwenye udongo uani. Mafuta yasiende kwenye sinki, yataziba. Chumvi ifukieni mbali na mboga, inaua mimea. Stika ilowekwe kwa maji ya moto, itabanduka. Kitambaa kichomwe. Hakuna maneno maalumu ya kusema wala saa maalumu. Mkianza kutafuta "sala ya kuchomea" iliyo sahihi mmeshaanza hirizi mpya.

Mama wa Uani
Hiyo ya mama mkwe msiiguse. Ni yake. Waefeso waliochoma vitabu vya uganga (Matendo 19:19, thamani yake fedha elfu hamsini) walivileta wenyewe baada ya kuamini. Hakuna aliyeingia chumbani kwa mtu kupekua. Ukiichoma kwa nguvu atatengeneza nyingine kabla ya Ijumaa, tena utakuwa umempa sababu ya kuamini kwamba kila homa yake imetokana na wewe. Mwanawe ndiye aongee naye, kwa heshima, wakiwa wawili, amuulize: "Mama, hii ulipewa kwa ajili ya nini?" Mara nyingi jibu ni mtoto aliyefariki au ndoa iliyoyumba. Huyo mtu anahitaji kuombewa juu ya jambo hilo lenyewe.

Akikubali kuitoa, ichomwe nje, moto mbali na jiko la chakula. Msiifungue kuchungulia, hamjui unga uliomo ni wa nini.

Fundi Saa
Kwenye swali la tatu kuna mtego. Usiku mtoto akipata homa, siku chache baada ya kumwaga maji, mkono utatafuta chupa wenyewe. Kubalianeni mapema: kipimajoto, kipimo cha malaria, zahanati, na sala fupi ya maneno yenu. Kuomba na kwenda hospitali havigombani.

Mtego wa pili ni kubadilisha. Watu hutoa chumvi wakaweka Biblia wazi kwenye Zaburi 91 kitandani kwa mtoto, au Biblia chini ya mto, wala hawaisomi. Waisraeli walifanya hivyo na sanduku la agano. Katika 1 Samweli 4 walishindwa na Wafilisti wakapoteza watu 4,000, wakasema tulilete sanduku lituokoe. Wakapoteza 30,000 na sanduku likatekwa. Hakuna kitu kitakatifu kuliko sanduku, na bado halikukubali kutumika kama kago, yaani kinga ya kiganga.

Nyumba ikifagiliwa ikaachwa tupu, Mathayo 12:43-45 inasema kinachofuata. Wekeni ibada ya nyumbani, dakika 15 zinatosha: zaburi moja, kila mtu shukrani moja na ombi moja, basi. Ikizidi nusu saa watoto watasinzia na mtaiacha ndani ya mwezi.

Kapu la Samaki
Kitambaa cha wateja kimepitwa haraka mno. Pale sanamu ni mauzo. Kitambaa kilikuwa uvumba wake tu. Kolosai 3:5 inaita tamaa ibada ya sanamu. Mkishakichoma, toeni taarifa ya miamala ya simu ya siku 30 muisome mezani. Mizani imepunguzwa? Dada wa dukani amelipwa tarehe yake? Duka lisilofungwa hata Jumapili moja kwa kuogopa mteja ataenda kwa jirani bado lina mungu wake, hata kama pochi haina kitambaa.

Nyanya Chungu
Hilo la mwisho limeingia. Swali dogo: chupa zenyewe ni nzuri, za lita moja na nusu. Nazo zitupwe?

Mama wa Uani
Bandua lebo, osha kwa sabuni, wekea maji ya kunywa. Ni plastiki. Ila ukiona wiki ijayo unaichagua hiyo kila mara ukaacha nyingine, mpe muuza mafuta ya kula.