Naomba ushauri: tamthilia za matukio ya kweli tuziamini kwa kiasi gani?

Ndugu zangu, nimemaliza kutazama Chernobyl, tamthilia ya mwaka 2019 yenye sehemu 5 kuhusu mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, na bado naliona lile paa ambapo kila askari alipewa sekunde 90 tu za kuchota vipande vya grafiti (kaboni ya ndani ya kinu, yenye mionzi hatari) kwa koleo na kuvitupa chini. Iliniuma kugundua, katika maandishi ya mwisho, kwamba Ulana Khomyuk, mwanasayansi niliyempenda kuliko wahusika wote, hakuwahi kuishi, bali alibuniwa awakilishe wanasayansi wengi waliofanya kazi na Valery Legasov, mwanakemia halisi aliyechunguza ajali hiyo. Sababu naielewa, lakini sasa natilia shaka hata yaliyo kweli. Naombeni ushauri: nitafute kwanza filamu za hali halisi kuhusu ajali ile ya 1986, au nisome simulizi za walioishuhudia, ndipo niirudie?