Naomba ushauri: uanachama wa makavazi wa mwaka, au tikiti za siku moja Fort Jesus?

BintiKibokoni: Asalaam aleikum. Jumamosi nataka kumpeleka baba Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa, pamoja na wanangu wawili. Nikate tikiti za siku hiyo, au nichukue uanachama wa familia wa mwaka mzima? Usiku wa pili huu sipati usingizi. Nisaidieni.

Mvuvi_Likoni: Waaleikum salaam. Uanachama. Mwanachama hakati tikiti, na magofu ya Gede na makavazi ya Lamu pia waingia. Nikiwa darasa la sita tulipelekwa Gede, nikapotea kwenye magofu mpaka mwalimu akalia. Tangu siku hiyo nayapenda.

MamaWawili: Dada, tikiti haimnyimi mtu usingizi. Kuna nini?

BintiKibokoni: Baba ana miaka 78, magoti yamechoka. Nahofia zile ngazi.

MamaWawili: Na yeye mwenyewe ataka kwenda?

BintiKibokoni: Hataki. Hajaingia humo maishani mwake. Babu alifungwa mle miaka ya mwisho, kabla jela haijafungwa 1958. Nyanya alipeleka chakula, baba yuko naye, wanasubiri langoni. Lakini wanangu nimeshawaahidi, na pesa za uanachama nilituma jana. Naona akiingia mara moja tu moyo utapoa. Na watoto wanapaswa kujua kwao.

Mzee_Makadara: Binti yangu, umelipa kisha waja kuuliza? Mzazi haburutwi. Radhi yake ni kubwa kuliko kadi.

BintiKibokoni: Shikamoo mzee. Simburuti. Nataka awaonyeshe wajukuu mwenyewe, si wasomewe na mtu baki.

Tudor_One: Mimi naona hadithi. Ngome wamejenga Wareno 1593, makavazi yamefunguliwa 1960. Huyo baba jela aliiona lini? Hili ni tangazo la kuuza uanachama.

MamaWawili: Hata mimi nimeanza kushuku. Habari ya babu imechelewa sana kutoka.

Mvuvi_Likoni: Pigeni hesabu. Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Wa miaka 78 alikuwa mtoto wa karibu miaka kumi. Anakumbuka.

BintiKibokoni: Imechelewa kwa sababu nyumbani hatuisemi. Tukitoka barabara ya Nkrumah kuingia Mji wa Kale, njia fupi ni mbele ya ngome. Baba hutuzungusha vichochoroni, hata jua likiwaka vipi. Nimekua nikidhani ni njia yake tu.

Tudor_One: Nisamehe, dada.

Mzee_Makadara: Muulize tena. Usimwambie habari ya pesa.

BintiKibokoni: Nimetoka kwake sasa hivi. Atakuja, ila haingii. Atakaa nje langoni, na watoto wakitoka atawaambia nyanya alikuwa akisimama wapi.

Mvuvi_Likoni: Basi nendeni mapema, jua halijakaza, na mchukulieni kiti. Watoto waonyesheni vitu vya ile meli ya Wareno iliyozama 1697, watakuwa na la kumsimulia na wao. Kadi ni ya mwaka, hakuna haraka.

BintiKibokoni: Kiti cha kukunja ninacho. Ahsanteni.