Mjadala: Wakili akichezea ushahidi, kufutiwa leseni kunatosha?

Mleta mada:
Wakuu, mtu wa kawaida akichoma hati inayosubiriwa mahakamani, anakamatwa. Wakili akifanya hivyohivyo, kwanza anaitwa na kamati ya maadili. Mimi nasema apande kizimbani kama wengine, tena kifungo chake kizidi, kwa kuwa yeye alikula kiapo na anajua thamani ya kile alichokiharibu.

Chukueni kesi ya Michael Morton wa Texas. Mwaka 1987 alifungwa maisha kwa mauaji ya mkewe. Polisi walikuwa na maelezo kwamba mtoto wao wa miaka 3 alimwona muuaji na kwamba baba hakuwepo nyumbani. Utetezi haukupewa maelezo hayo. Morton alitoka 2011, vipimo vya vinasaba vilipomwelekeza mtu mwingine. Mwendesha mashtaka wake, Ken Anderson, alikuwa ameshapanda hadi ujaji! Mwaka 2013 akapatikana na hatia ya kuidharau mahakama kwa kuficha ushahidi huo: siku 10 jela (alikaa 5), faini ya dola 500, saa 500 za kazi za jamii, na leseni akairudisha. Pigeni hesabu wenyewe: karibu miaka 25 kwa siku 5.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, uchungu wako naupata, ila umechagua kesi rahisi. Kuna ya wakili Richard Ryder, Virginia. Mteja wake alishukiwa kupora benki. Ryder akaenda kwenye sanduku la mteja benki, akatoa fedha na bunduki, akavihamishia kwenye sanduku lake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa ameomba ushauri kwa wanasheria wenzake. Mwaka 1967 mahakama ya shirikisho ilimsimamisha miezi 18. Huyo naye ungemfunga? Ukitisha sana, mawakili wa utetezi wataogopa hata kugusa karatasi ya mteja.

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnamtazama wakili, mteja mmemsahau. Kwenye kesi za madai, ushahidi ukiharibiwa, jaji anaweza kuchukulia kwamba ulikuwa unamuumiza aliyeuharibu, au hata kuitupa hoja yote. Anayepoteza nyumba au fidia ni mteja, na pengine hakujua lolote. Ndipo aanze tena kumshtaki wakili wake kwa hasara.

Na kama aliyekosa ni mwendesha mashtaka, Marekani njia hiyo ni finyu mno. Tangu shauri la Imbler dhidi ya Pachtman, 1976, ana kinga dhidi ya madai ya fidia kwa kazi yake ya kuendesha mashtaka.

Mleta mada:
Hiyo ya kinga ndiyo inayonipa nguvu. Kama fidia haidaiwi, imebaki nini zaidi ya jinai?

Kuhusu Ryder nakubali nusu. Kupokea kielelezo si kosa; kukificha ili upande wa pili usikione ndiko kosa, na siri ya mteja haimruhusu wakili kugeuka stoo ya bunduki. Ila yeye aliuliza kwanza, kwa hiyo miezi 18 sina ugomvi nayo. Ninayemtaka jela ni yule aliyejua, akanyamaza, na mtu akaendelea kuozea gerezani. Mchangiaji wa kwanza, huyo naye utamtetea?