Sila ya maungio ya bodi: ipi inafaa kwa ukuta wa mbele wa Land Rover, na iwekwe lini?

Mwenye Series III, Tanga

Ndugu mafundi, ninafufua Land Rover Series III iliyokaa miaka mingi karibu na bahari. Fundi bodi amekwisha kukata sehemu za kuwekea miguu zilizoliwa na kutu, katika ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, na amechomelea bati jipya kwa nukta, hivyo yapo maungio marefu ambamo bati moja limelalia jingine. Nataka sila, yaani dawa ya kuziba maungio hayo maji yasipenye, na dukani nimeonyeshwa silikoni ya madirisha, sila ya poliyurethani ya tyubu, na sila ya epoksi inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Fundi angependa kupaka sila juu ya bati tupu ili kazi isichelewe, ndipo aweke praima, ile rangi ya msingi. Naomba kuelekezwa.

Fundi Rangi

Silikoni iondoe kabisa katika hesabu. Rangi haiishiki, bali huikimbia na kuacha vishimo vya duara, na ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo asidi hiyo huanza kulila bati lenyewe. Kama imekwisha kupakwa mahali, ikwanguliwe yote na kufutwa kabla msasa haujagusa hapo, kwa sababu msasa huisambaza hadi sehemu zilizokuwa safi.

Kuhusu haraka ya fundi wako, sikubaliani naye. Sila ya poliyurethani huzuia maji yasipenye, lakini haizuii kutu ya bati lililo chini yake, na juu ya chuma kitupu mshiko wake ni dhaifu. Maji yakishapata upenyo pembeni, husafiri chini ya sila nawe huoni lolote mpaka rangi ivimbe. Bati lisuguliwe hadi ling'ae, lifutwe mafuta, lipakwe praima ya epoksi, sila ije juu ya praima hiyo, kisha rangi. Praima ya asidi usiiweke chini ya epoksi, kwa kuwa nyingi haziafikiani. Soma kwenye kopo muda ambao praima inaruhusu kitu kingine kuwekwa juu yake. Muda huo ukipita, ikwaruze kidogo kwa msasa laini ili sila ipate pa kushika.

Na uchomeleaji wote uwe umekwisha. Poliyurethani ikiungua hutoa moshi wenye isosianati, ambao unadhuru mapafu vibaya.

Bati na Msasa, Mombasa

Naunga mkono hayo. Kati ya hizo mbili zilizobaki, mimi ningechukua poliyurethani, kwa kuwa bodi ya gari hili hujipinda barabara inapokuwa mbovu, na sila inayonyumbuka hustahimili zaidi ya ile inayokauka ikawa ngumu. Epoksi ya hadina ina faida yake palipo na haraka ya kupaka rangi, au pale ambapo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inaruhusiwa juu ya chuma kitupu.

Angalia tarehe ya mwisho kwenye tyubu kabla ya kulipa, maana poliyurethani hukaushwa na unyevu wa hewa, na tyubu iliyokaa sana katika duka lenye joto huweza kuwa imeganda ndani. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za ungio, kata mdomo wa tyubu uwe mdogo, sukuma sila iingie ndani ya ufa badala ya kuilaza juu tu, ilainishe kwa brashi, kisha bandua tepu sila ikingali mbichi. Usilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni, kwani sabuni hubaki na kuharibu mshiko wa rangi. Kwa kawaida hukauka kwa kina cha milimita 3 hivi kwa siku. Ngozi ya juu ikishashika isikudanganye.

Mwenye Series III, Tanga

Nashukuru sana. Je, fenda za aluminiamu zinapokutana na ukuta huo wa chuma, nipake sila hiyo hiyo?

Mzee wa Gereji

Hapana, ndugu yangu. Fenda hizo zimefungwa kwa bolti ili ziweze kutolewa, na poliyurethani ni gundi. Siku ya kuzifungua utapinda aluminiamu. Tumia utepe wa butili, ambao hubaki laini. Usiache metali hizo mbili zigusane tupu, kwani kwenye hewa ya chumvi aluminiamu ndiyo itakayoliwa: paka praima pande zote, kisha utepe ukae katikati.

Neno jingine, ambalo wengi hulisahau: matundu ya kutolea maji chini ya nguzo za milango na chini ya ukuta huo yasizibwe. Yazibwe maungio tu, ya juu na ya chini yanayorushiwa matope. Ndani ya nguzo, mahali ambapo brashi haifiki, nyunyiza nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukauka, ukianza mapema nta itachafua sehemu za kupakwa rangi. Kabla ya kurudisha mazulia, mwagia maji ukuta kwa nje, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi akitazama kila ungio.