Kukata ganda la risasi ili litimize kanuni za uwindaji wa kulungu: ni halali?

Swali
Wakuu, heshima kwenu. Mwaka 2007 jimbo la Indiana, Marekani, liliruhusu kulungu kuwindwa kwa raifali zinazotumia risasi za aina ya bastola: kichwa (sehemu ya risasi inayoruka) kisipungue upana wa inchi 0.357, na ganda liwe na urefu wa kati ya inchi 1.16 na 1.625. Je, anayekata ganda kubwa la raifali hadi litimize vipimo hivyo anakiuka dhamira ya kanuni?

Jibu
Mkuu, kanuni ilitaja vipimo, haikutaja umbo. Ndiyo maana mafundi walichukua ganda fupi nene la raifali liitwalo WSSM (Winchester Super Short Magnum), lenye shingo nyembamba, wakalikata na kulipanua mdomo ili lipokee kichwa cha inchi 0.358. Askari wa wanyamapori akisoma kitako cha ganda ataona alama ya kiwandani ya zamani; bila kulipima hawezi kuamua lolote. Kisheria ilikuwa halali, ingawa baruti inayoingia humo inazidi kwa mbali ya bastola.

Jibu
Naomba kutofautiana kidogo kuhusu dhamira. Hofu ilikuwa risasi kusafiri mbali katika mashamba tambarare yenye nyumba, na kichwa kipana hupoteza kasi mapema. Isitoshe, mwaka 2012 Indiana yenyewe iliongeza urefu hadi inchi 1.8.

Jibu
Jimbo la Michigan halikuacha mwanya huo liliporuhusu raifali kusini mwake mwaka 2014: ilikuwa lazima ganda liwe na kuta zilizonyooka, yaani lisiwe na shingo. Mwaka 2019 kampuni ya Winchester ikaleta risasi ya 350 Legend, iliyobuniwa kutimiza masharti ya namna hiyo. Kiwanda nacho kinakata kwa kufuata rula ya serikali!